Vyuo Viwili Kwenye Sinia

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, hasa kama umemaliza sekondari na watu wote wa nyumbani kwenu wanakushauri kwa wakati mmoja. Nitakueleza polepole. Pale nitakapochanganyikiwa, nivumilie, kwa sababu mwaka ule nilichanganyikiwa kweli, na sitaki kukudanganya kwamba baadaye kila kitu kilinyooka.

Ilikuwa Likasi, mji wa migodi kule Katanga, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane na nilikuwa nimefaulu mtihani wa taifa, tena vizuri. Jina langu lilisomwa redioni. Mama alikuwa akisonga bukari, ndivyo tunavyouita ugali kwetu, akaacha mwiko ndani ya sufuria na kutoka nje kupiga vigelegele. Bukari ikaungua chini. Tuliila hivyo hivyo, baba akisema ladha ya moshi inafaa siku ya ushindi.

Shida ilianza wiki ile ile. Diploma zenyewe, yaani vyeti vya sekondari, zilichelewa miaka kufika kutoka mji mkuu, kwa hiyo kila aliyefaulu alipewa karatasi ya muda, yenye picha yake, sahihi mbili na muhuri wa bluu. Ilikuwa moja tu. Chuo kikuu kikikupokea kilitaka karatasi hiyo yenyewe, nakala hawakuikubali, na waliifungia kwenye faili zao. Ukishaipeleka mahali, umechagua.

Na vyuo ambavyo watu wa Likasi wakivitaja walinyoosha mgongo vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa karibu, Lubumbashi, safari ya nusu siku kwa lori kama barabara haina matope. Kingine kilikuwa mbali, kule mji mkuu, ambako sisi wa Likasi tulifika kwa ndege au hatukufika. Nitaviita cha karibu na cha mbali. Nilitaka kusoma kemia. Vyote viwili vilifundisha kemia, au tuseme vilijulikana kwa kuifundisha.

Kabla sijaendelea, lazima nikuambie kazi ya baba, maana mambo yote yalipita hapo.

Baba alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya migodi, kitengo cha sampuli. Mawe ya madini yakifika kwa behewa kutoka machimbo ya Kakanda, huwezi kuyayeyusha yote ili ujue yana shaba kiasi gani. Unachukua koleo moja hapa, moja pale, chini, juu, katikati. Unayasaga, unayachanganya, unayamwaga yawe kilima kidogo chenye ncha, kama unga wa mahindi sokoni. Halafu unakibonyeza kichwa kiwe bapa, unakikata kwa ubao mara mbili, msalaba, upate robo nne. Robo mbili zinazotazamana unazitupa. Mbili zilizobaki unazichanganya tena, unamwaga tena, unakata tena, mpaka unabaki na kiganja kimoja cha vumbi. Kiganja hicho ndicho kinasema kwa niaba ya behewa zima.

Kulikuwa na sheria mbili zaidi. Ya kwanza, sampuli mbichi haipimwi, kwa sababu maji yanadanganya mizani. Ya pili, kila mfuko lazima uwe na kikaratasi kinachoonyesha mawe yalitoka wapi, nani aliyachukua, na siku gani. Mfuko usio na kikaratasi baba aliurudisha, hata ukiletwa na mkubwa wa kiwanda mwenyewe. Alipenda kutusimulia siku aliyomrudishia mkubwa mmoja mfuko wake mbele ya watu. Tuliisikia hadithi ile mara nyingi sana, na kila mara mkubwa yule alizidi kuwa mnene.

Lakini mwaka ninaousimulia, maabara ilikuwa karibu kufa. Asidi ziliisha, tanuri ya kukaushia iliharibika, behewa zilikuja moja moja. King'ora cha zamu kililia bado, na baba alivaa ovaroli lake, akaenda, akatia sahihi, akakaa kwenye benchi na wenzake, akarudi. Mikono yake ilikuwa haina kazi. Nadhani ndiyo maana aliichukua karatasi yangu kwa mikono miwili.

Jumapili baada ya misa wanaume wawili walikaa barazani kwetu na kubishana juu yangu. Wa kwanza alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyesoma sheria kwenye chuo cha mbali na sasa alifundisha sekondari akiwa na kravati kila siku, joto au baridi. Wa pili alikuwa jirani yetu injinia, aliyesoma kwenye chuo cha karibu. Aliwahi kuongoza watu kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na sasa alikuwa amelima bustani yake ya maua yote na kupanda kabichi. Kwetu tulizungumza Kiswahili chetu cha Katanga, na nitawaacha waseme walivyosema. Utaelewa, ukijua tu kwamba minye ni mimi, shiye ni sisi, njo ni ndiyo, na makala ni makaa.

"Chuo yenu," mjomba alimwambia injinia, "njo chuo ya kurudia ku nyumba kila juma, mama anakupakulia bukari. Ile nayo ni masomo?"

"Na yenu ilikufundisha nini? Kufunga kravati. Minye, yetu ilinifundisha kupasua mulima."

"Mulima gani, injinia? Ule wa kabichi?"

Injinia alicheka mpaka akashika goti. "Kabichi yangu unakula, mwalimu. Kravati yako nani anakula?"

"Shiye tulikuwa tunapanda ndege ku masomo! Ndege! Wee ulikuwa unapanda juu ya makala."

"Na ule aliyepanda ndege na ule aliyepanda makala, leo bote beko ku baraza moja banangojea chai."

Mama alitokea mlangoni na birika. "Munagombana juu ya majina tu," alisema. "Mutoto atalala wapi? Atakula nini?"

Walipokea chai na kumshukuru. Kisha wakarudi kwenye ndege na makaa.

Mimi nilikaa pembeni na daftari. Nilikuwa nimegawanya ukurasa sehemu mbili, cha karibu kushoto, cha mbali kulia, na nikaandika kila walichotaja. Mawaziri waliotoka kule. Wakurugenzi waliotoka huku. Ghorofa ngapi, vitabu vingapi, maprofesa waliosoma Ulaya. Upande mmoja ulipozidi, upande wa pili uliufikia. Baada ya Jumapili tatu nilikuwa nimejaza kurasa sita na nilijua kidogo kuliko nilivyojua siku jina langu liliposomwa. Nikiwa na mjomba, nilijiona nikishuka kwenye ndege na begi jekundu. Nikiwa na injinia, nilijiona na koti jeupe mbele ya chupa zinazochemka. Nikiwa peke yangu sikujiona popote.

Baba alinisikiliza nikilalamika, kisha akasema, "Hawa wawili ni mawe mawili. Behewa halipimwi kwa mawe mawili. Tutachukua sampuli."

Siku iliyofuata alileta kutoka kazini fomu za zamani za maabara, akazikata ziwe vikaratasi vidogo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mji na kumuuliza kila mtu aliyehitimu kwenye chuo kimoja au kingine: chuo chako kina heshima gani, na kwa nini? Jibu moja, kikaratasi kimoja.

Orodha ilikuwa fupi kuliko tulivyotegemea. Wengi ambao tungewauliza walikuwa wameondoka kwa treni katika miezi mibaya ya miaka michache nyuma, walipofukuzwa na kuambiwa kwamba hapa si kwao, kwa sababu babu zao walitoka mkoa mwingine. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mmoja wao. Kwenye mtaa wetu nyumba nne zilikuwa na watu wengine ndani. Tulipofika kwenye majina yale, baba aliyapita, tukaendelea na lililofuata. Sampuli yetu ilikuwa na shimo tangu mwanzo na sote wawili tuliliona.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi msichana aliyenizidi miaka minne hivi. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alikuwa amesoma kemia mwaka wa pili kwenye chuo cha karibu, akarudi na godoro lake kichwani, na sasa alikaanga maandazi karibu na stesheni. Nilinunua mawili kwake kila asubuhi nikiwa njiani kwenda kuuliza watu. Siku moja nikamwambia baba, "Na yaya wa maandazi? Alisoma kemia yenyewe."

"Alimaliza?"

"Hapana. Alirudi."

"Basi bado mubichi," baba alisema, kwa upole, kama anavyomweleza mfanyakazi mpya. "Sampuli ya maji haipimwi. Itadanganya mizani."

Nilikubali. Lilionekana jibu la mtu anayejua kazi yake.

Kwa hiyo niliendelea na wazee. Mfamasia mmoja, wa chuo cha mbali, aliniambia, "Kule tulijua shiye ni nani." Daktari mwanamke kwenye zahanati, wa chuo cha karibu, alisema, "Kila mwanafunzi alikuwa na darubini yake. Yangu ilikuwa na mkwaruzo upande wa kushoto." Alisema hivyo huku akitabasamu na kuutazama ukuta, kana kwamba darubini ilikuwa pale. Mwalimu mstaafu alisema kwamba ukitamka tu jina la chuo cha mbali, mlango unafunguka. Nilimuuliza mlango gani. Akajibu, "Wowote." Tulikuwa tumekaa nje, kwenye tofali, kwa sababu kitasa cha mlango wake kilikuwa kimevunjika na mke wake alikuwa ndani anakihangaikia.

Nilipata vikaratasi ishirini na vitatu. Jumamosi mchana baba alishusha sinia kubwa ya aluminiamu ambayo mama aliitumia kupepetea mchele.

"Unataka kupika karatasi, baba ya batoto?" mama aliuliza.

"Ninapika mwaka wa mutoto."

Alivikunja vikaratasi vyote sawasawa, akavimwaga, akavichanganya kwa viganja, akavikusanya viwe kilima. Akabonyeza juu. Akaweka rula yangu ya shule, akagawa msalaba. Robo mbili zinazotazamana akazisukuma nje ya sinia, zikaanguka sakafuni. Mjomba na injinia walikuwa wamesimama nyuma yake kama watu wanaotazama mpira. Mimi niliinama nikaanza kufungua vilivyoanguka. Cha pili kukifungua kilikuwa cha darubini.

"Baba, hiki kizuri. Kwa nini tunakitupa?"

"Kama umechanganya vizuri," alisema bila kuinua kichwa, "unachotupa kinafanana na unachobakiza."

Nilikitia mfukoni. Maneno yake yalinituliza na yalinisumbua kwa wakati mmoja, na sikujua lipi kati ya hayo mawili nimwambie.

Akachanganya, akagawa, akatupa. Mwishoni vilibaki vikaratasi vinne. Akavifungua. Vitatu vilikuwa vya chuo cha mbali, kimoja cha karibu. Mjomba akapiga makofi. Injinia akasema rula ile ilikuwa imepinda, halafu akanipa mkono na kunitakia heri, na siku hiyo hiyo akaleta kabichi.

Ilikuwa imeamuliwa. Katika parokia yetu kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara aliyepanda ndege kwenda mji mkuu, naye alikubali kuchukua bahasha yangu na kuifikisha chuoni. Tungekutana mbele ya kanisa Jumatatu asubuhi. Mama aliifunga karatasi kwenye plastiki, kisha kwenye bahasha, kisha kwenye kitambaa. Baba alinishika bega, akaenda kazini kukaa kwenye benchi.

Nilipita stesheni kama kawaida.

"Bahasha ya nini ile unashika kama yai?" yaya aliniuliza. Mafuta yalikuwa yanachemka, na alikuwa akigeuza maandazi kwa kijiti.

"Karatasi yangu. Inaenda ku mji mukubwa."

"Ile yenyewe? Ya muhuri?"

"Ndiyo."

Aligeuza andazi moja, likiwa bado jeupe, akaligeuza tena. "Yangu iko Lubumbashi. Walipofunga chuo, nilienda kuomba banirudishie, nitafute pengine. Nikakuta kufuli. Banasema mwenye funguo alienda ku shamba."

"Kwani walifunga kwa muda gani?"

"Ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Sasa banasema imefunguliwa. Sijui."

"Na kule mbali?"

"Binamu yangu iko kule. Aliniandikia barua. Anaanza mwaka wa kwanza mara ya tatu." Aliniangalia. "Na hajafeli hata mara moja."

Nilisimama pale na kitambaa changu mkononi. Kila neno nililielewa, ila sikuweza kuyaunganisha. Mtu anaanza mwaka wa kwanza mara tatu bila kufeli? Ikabidi anieleze: mwaka unaanza, walimu hawalipwi, wanaacha kufundisha, chuo kinafungwa kabla ya mitihani, na kikifunguliwa wote mnarudi mlipoanzia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Hakuwa na hasira. Alikuwa akicheka kidogo. "Kila asubuhi wee, 'Bonjour yaya, mandazi mbili.' Halafu unaenda kuuliza bazee."

Mbele ya kanisa yule mama mfanyabiashara alikuwa ameshasimama na mifuko yake mitatu. Nilimwambia sipo tayari. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akasema, "Ndege haingoji mutu kufikiri, binti yangu," akaondoka, na alikuwa na haki ya kukasirika. Nilirudi nyumbani na bahasha. Nilikuwa sijawahi kumwasi baba katika jambo kubwa na sikujua hata kama hili lilikuwa uasi au akili.

Aliporudi mchana nilimweleza yote, pamoja na binamu wa mwaka wa kwanza mara tatu. Nilitegemea sauti kubwa. Baba alikaa, akavua viatu, akaomba vikaratasi. Mama alikuwa amevihifadhi vyote kwenye kopo la maziwa ya unga, hata vile vilivyoanguka sakafuni. Nikatoa na cha mfukoni. Baba akavitandaza tena kwenye sinia, akachukua penseli.

"Mufamasia. Alimaliza mwaka gani?"

Nilijua, kwa sababu wote walipenda kusema. Nikamtajia. Akaandika mwaka kwenye pembe ya kikaratasi. Akachukua kingine. "Mudaktari?" Nikamtajia. Tukaenda hivyo mmoja mmoja, na penseli ikawa inapunguza mwendo. Aliyekuwa wa mwisho kuhitimu kati ya wote ishirini na watatu alihitimu nikiwa bado natambaa.

Baba aliweka penseli chini.

"Mifuko yote haina tarehe," alisema. "Ishirini na mitatu. Na niliipokea yote. Minye mwenyewe."

Alicheka mara moja, kicheko kifupi, kisha akavua miwani akaifuta kwa ovaroli, ambalo lilizidi kuichafua. Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, lakini alikuwa ameshapita hapo.

"Na sampuli mbichi, baba," nikauliza, maana swali lilikuwa limenikaa tangu stesheni, "kazini munaifanya nini? Munaitupa?"

Alivaa miwani yake tena. "Hapana," alisema. "Tunaikausha."

Alasiri ile ile alimwita yaya. Alimpa kiti chake mwenyewe, na mama akamletea chai kwenye kikombe cha wageni. Baba alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza barazani: nani anafundisha kemia, anaingia siku gani, maji yapo, wanafunzi wanakaa juu ya nini. Yaya alijibu alichojua. Lakini alikuwa amekaa nyumbani karibu mwaka mzima, na mara nyingi alisema, "Vile ilikuwa wakati ule. Sasa sijui." Kila aliposema sijui, baba aliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Basi twende tuone," alisema mwishowe.

Wiki iliyofuata tulienda Lubumbashi watatu, juu ya lori la makaa, na nilipomwona baba ameketi kwenye magunia na kravati ya mjomba, aliyoazima kwa ajili ya siku hiyo, nilishindwa kuzuia kicheko. Tulilala kwa shangazi, na Jumanne mapema tukawa kwenye ngazi za jengo la kemia. Nyasi zilifika kiunoni. Madirisha mengine yalikuwa na vioo, mengine na maboksi. Wanafunzi walifika kila mmoja na kiti au kigoda chake kutoka nyumbani, wakiwa wamekibeba begani.

Baba alifungua daftari lake dogo, akaandika tarehe juu ya ukurasa. Halafu akangoja.

Profesa wa kwanza alikuja kwa baiskeli, na suruali yake ameifunga mguuni kwa kamba. Chaki ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa kipande cha gazeti. Niliingia nikasimama nyuma. Hakuwa na chupa hata moja, kwa hiyo alichora chupa zote ubaoni, na mirija, na kinywa cha bomba, na tone likiwa katikati ya kuanguka. Alieleza jinsi unavyodondosha tone kwa tone mpaka maji yabadilike rangi. Mwanafunzi mmoja akauliza, rangi gani? "Waridi hafifu sana," profesa alisema. "Hafifu kiasi kwamba mtabishana kama ipo. Siku moja mtaiona." Akageuka akaendelea kuandika. Ubao ulikuwa mweusi na chaki nyeupe, nami niliitafuta ile rangi.

Wa pili alikuja kabla ya mchana, akikohoa. Wa tatu jina lake lilikuwa mlangoni, na wanafunzi wake walikaa na vigoda vyao mpaka walipochoka.

Wakati huo yaya alikuwa ameenda ofisini. Mwenye funguo siku hiyo alikuwepo. Faili la yaya lilipatikana; panya walikuwa wamekula pembe moja ya karatasi yake, muhuri ulikuwa mzima. Yaya alitoka nayo mkononi hadi kwetu kwenye ngazi, akaishika hivi na hivi. "Ninaweza kurudi nayo Likasi," alisema. Kisha akasema, "Halafu?" Akageuka, akairudisha na kujiandikisha upya.

"Wawili kwa asubuhi moja," baba alisema, akinionyesha daftari.

"Ni wengi au ni wachache?"

"Sijui. Ya kule mbali hatuna sampuli." Alifunga daftari. "Karatasi ni yako. Minye nilishakosea mara moja, na mara moja inatosha kwa mwaka."

Nilibaki kwenye ngazi. Nilikuwa na namba moja na upande wa pili palikuwa patupu. Labda kule mbali waliingia kumi. Labda hakuna aliyeingia. Mjomba aliniambia hivyo baadaye, na alikuwa sahihi: tulilinganisha kitu na kitu tusichokiona. Nilichokuwa nacho ni mtu mmoja wa baiskeli aliyesema siku moja mtaiona. Nilitoa bahasha, nikafungua kitambaa, nikafungua plastiki, nikaingia ofisini. Mwenye funguo aliiweka karatasi yangu juu ya ile ya yaya, iliyoliwa pembe.

Je, nilichagua vizuri? Chuo kilifungwa tena mwaka uliofuata. Nilichukua miaka mingi kupita kiasi kumaliza. Yule binamu wa kule mbali, aliyeanza mwaka wa kwanza mara tatu, alimaliza kabla yangu. Yaya alimaliza pamoja nami, na maandazi yake yalitulisha wote wawili. Leo ninafundisha kemia, na miaka ambayo chupa zinakosekana ninazichora ubaoni. Rangi ile niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na sita, na kweli tulibishana kama ipo.

Wanafunzi wangu huniuliza chuo kipi ni kikubwa zaidi. Wananiuliza wakiwa na macho yale yale niliyokuwa nayo na daftari la kurasa sita, na ninawapenda sana wakati huo. Nawaambia kwamba sijui, kwamba kutojua kwao si ujinga, na kwamba kuna kazi ya asubuhi moja wanayoweza kuifanya kabla hawajatoa karatasi zao.

Nawe ifanye. Chagua siku ya kawaida ya masomo. Fika mapema, kaa karibu na mlango wa somo unalolitaka, usiondoke mpaka mchana. Andika kila mwalimu aliyeingia na saa aliyoingia, waulize wanafunzi wanaosoma pale sasa, na juu ya ukurasa, kabla ya kitu kingine chochote, andika tarehe.